Magambuti Mawili ya Isongwa

Ndoto hii niliiota usiku wa kuamkia leo Ijumaa, nikiwa nimelala vizuri, tumbo halijajaa kupita kiasi, na mlango nimeufunga mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu mke wangu, Subilaga, anashikilia kwamba ndoto zangu zote zinaletwa na maharage. Jana hatukula maharage.

Kwanza nieleze kilichonipeleka huko. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta katika Mradi wa Maji wa Vijiji Kumi na Tisa, huku kwetu Rungwe, ambako mvua inanyesha mpaka watu wanashangaa kusikia kwamba maji nayo yana mradi. Valvu zetu zinafunguliwa na kufungwa na kompyuta. Kompyuta inafuata amri tulizoiandikia, na kila amri ina jina lake. Amri inalala usingizi wake mpaka iitwe kwa jina. Ikiitwa inaamka, inafanya kazi yake, inarudi kulala. Ni maisha mazuri kuliko yangu.

Shida ni kwamba programu hii ina miaka kumi na moja, na ofisini kwetu hatufuti kitu. Ndiyo desturi yetu. Amri ikizeeka tunaandika nyingine pembeni yake, na ile ya zamani tunaiacha hapohapo, isije ikawa inasaidia. Ndiyo maana tuna hesabuMita, hesabuMitaMpya, hesabuMitaMpyaZaidi, hesabuMitaMwisho, na hesabuMitaMwishoKabisa, ambayo nayo imeshapitwa na mbili zilizokuja baadaye.

Tena si amri tu. Kuna fasili, yaani majina tuliyoipa kompyuta pamoja na thamani zake ili iyakumbuke, na nyingine hakuna anayejua ni za nini. Mojawapo inasema tu: magambuti = 2. Iliandikwa na Mzee Asangwile, aliyeianzisha programu hii, akastaafu, na sasa analima kahawa mahali ambapo simu yake inashika mtandao akipanda juu ya tangi. Jana mimi na mkuu wangu, Dada Enesia, tuliyacheka magambuti hayo, viatu vya mpira vya kukanyagia tope ndani ya programu ya maji, mpaka chai ikapoa.

Kisha Dada Enesia akaacha kucheka.

"Fundi," aliniambia, maana pale ofisini hakuna anayeniita vingine, "programu imekuwa nzito, inakokota miguu. Kila kisichotumika kifutwe. Kesho saa mbili asubuhi nataka nyumba safi."

"Na nikifuta kinachotumika, dada?"

"Kuna mtu atafungua bomba, limjibu kwa upepo. Halafu kesho ni siku ya kliniki ya wajawazito pale Isongwa. Kwa hiyo jicho lako liwe wazi."

Sikuhitaji kukumbushwa. Mwaka juzi mwenzetu Ambakisye alifuta mstari mmoja tu, soko zima likakaa siku mbili bila tone. Mpaka leo hata mchungaji anamwita Ukame. Mwanawe shuleni anaitwa Ukame Mdogo, na ni mtoto mwenye tabia nzuri kabisa.

Basi niliandika programu ndogo ya upekuzi, yenye kanuni moja: jina lolote ambalo halikuandikwa mahali pengine popote, mwenye jina hatumiki, aingie kwenye orodha ya kufutwa. Orodha ikatoka na majina mia nne na kumi na mawili. Nikaandaa kila kitu, ikabaki kubonyeza kitufe kimoja asubuhi. Nikarudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kidogo ambao sikujua niuweke wapi. Nikalala nao.

Nipo ofisini. Ni mchana, jua linawaka. Ofisi ni ileile, isipokuwa haina kuta, na imehamia katikati ya uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Meza yangu imewekwa pale mpira unapoanzia. Shingoni nimening'inizwa dasta ya kufutia ubao, kwa kamba ya katani.

Mbele yangu kuna foleni inayopita golini na kupotelea kwenye migomba. Kila aliyesimama ameshika kigoda chake.

"Hao ndio mia nne na kumi na wawili," anasema ufagio wa kufagilia uwanja. Umesimama kulia kwangu, umevaa tai. "Mimi ni Ofisa Usafi. Wewe unauliza, mimi nasoma kanuni, dasta inamaliza. Tuanze, kuna watu wametoka mbali."

Wa kwanza kufika ni ndugu watano, wamevaa shati la aina moja lakini kila mmoja saizi yake.

"Sisi ni akina Hesabu Mita," anasema mkubwa wao.

"Nani kati yenu ndiye wa mwisho?"

"Mimi," anasema mmoja. "Mwisho."

"Mimi," anasema wa pembeni yake. "Mwisho Kabisa. Lakini tuna wadogo zetu wawili waliozaliwa baada yangu. Wa pili ndiye yuko kazini, hakupata ruhusa ya kuja. Anawasalimu."

"Kuna mtu anawaita?"

Wanatazamana. "Miaka ya kwanza tulikuwa tunaitwa," anasema mkubwa. "Baadaye tukaambiwa tubaki, isije ikawa tunasaidia. Tumebaki. Miguu inauma, ndugu yangu."

Ninawapitishia dasta. Wanafutika kuanzia kofiani, bila kelele, na vumbi la chaki linabaki hewani kwa muda. Kabla mdomo wa mkubwa haujaisha unasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kama mtu aliyepewa kiti kwenye msiba. Moyo wangu unapata nafuu. Kumbe kazi yenyewe si ya kikatili.

Anayefuata ana puto mkononi. Ni Salamu za Mwaka Mpya, na mwaka wenyewe umeandikwa kwenye puto: 2017.

"Mwaka umeshafika?" ananiuliza.

"Ulifika, ukapita. Na mingine ikapita juu yake."

"Nilihisi," anasema. "Lakini nilikuwa nasubiri mtu aje aniambie. Haya, shika puto." Ninashika puto, ninamfuta, puto linabaki kunikodolea macho.

Anakuja mwembamba mmoja, anatembea kwa haraka, anasimama wima mbele ya meza.

"Nimefika hapa," anasema.

"Nimekuona. Jina?"

"Nimefika hapa."

"Kazi yako?"

"Nimefika hapa."

"Huyo aliandikwa na Ukame," ufagio unanong'ona. "Alikuwa anatafuta kosa, akataka kujua programu inafika mpaka mstari upi. Kosa hakuliona. Huyu akamsahau."

Ninamfuta. Mahali alipokuwa amesimama panasema, kwa kuridhika sana, "Nimefika hapa."

Foleni inasogea. Ninafuta, ufagio unafagia vumbi, tunapiga soga. Nimekolea kazini kiasi kwamba siulizi tena vizuri, ninasema tu "Nani anakuita?" huku dasta ipo njiani. Hapo ndipo anapofika mfupi mmoja, mnene kidogo, koti la mvua mpaka magotini, na miguuni magambuti mawili yaliyojaa tope. Anachuruzika maji. Nyasi chini yake zimeota maua.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Jina?"

"Fungua Isongwa."

"Nani anakuita?"

Anakuna kichwa. "Hapo ndipo penye ugumu kidogo. Kila siku saa kumi na mbili kamili asubuhi, nikiwa nimelala, nasikia mtu upande huu anasema *fungua*. Anasema hivyo tu. Halafu kwa mbali, upande ule, mwingine anasema *Isongwa*. Nikiviunganisha vile vipande, nagundua ni mimi. Navaa magambuti nakwenda kufungua maji ya zahanati. Miaka kumi na moja sasa. Sijachelewa hata dakika moja."

Ninaugeukia ufagio. Ufagio unafungua daftari na kumuuliza.

"Jina lake zima limeandikwa mahali pengine popote?"

"Vipande viwili vipo, mkuu," anasema mwenye magambuti.

"Sikuuliza vipande. Nusu haihesabiwi. Kanuni ni kanuni."

Ningeweza kusema jambo hapo. Nilimwona Dada Enesia akilini mwangu akitazama saa, nikaona nyumba safi, nikainua dasta. Najionea aibu mpaka sasa ninavyoandika.

"Kama ni lazima, basi anzia chini," anasema, na wala hajakasirika. "Haya magambuti aliniandikia Mzee Asangwile mwenyewe. Alisema njia ya Isongwa ina tope, mtu asiende pekupeku. Nisingependa kuyaona yakienda na mimi nipo nusu."

Ninaanzia chini. Gambuti la kushoto linafutika. Gambuti la kulia linafutika. Goti, koti, kiuno.

Sasa nipo ndani ya zahanati ya Isongwa. Sikutembea. Ni chumba cha kujifungulia, kisafi, kina dirisha linalotazama mashamba ya chai. Muuguzi mkunga, Sista Tusekile, amesimama mbele ya bomba mikono imenyooshwa. Anafungua bomba. Bomba linakohoa, kisha linatoa kikaratasi. Anakisoma.

"*Amri haikupatikana*," anasoma kwa sauti. Anakikunja, anakiweka kwenye ndoo juu ya vingine. Ndoo imeshajaa nusu.

Kitandani amelala mama aliyejifungua sasa hivi, amechoka, anatabasamu. Ndani ya beseni la plastiki la bluu, lisilo na maji, amekaa mtoto mchanga kabisa. Ananitazama.

"Samahani, kaka," anasema mtoto. "Ni wewe uliyemfuta yule wa magambuti?"

"Nusu," ninasema. "Nimemfuta nusu."

"Aa. Mimi binafsi sina haraka, ndiyo kwanza nimefika duniani. Lakini naona hawa wakubwa wanahangaika. Sista anataka kunawa mikono, kuna mwingine chumba cha pili uchungu umeshika. Na mama yangu aliahidiwa chai."

"Chai ya rangi," anasema mama kutoka kitandani. "Yenye tangawizi. Nimeiwaza tangu saa nane."

Sista Tusekile hanilaumu. Anafungua bomba tena, anapokea kikaratasi kingine, na upole wake unaniumiza kuliko kama angenirushia ndoo.

"Nitamrudisha," ninasema. "Sasa hivi."

"Huwezi," unasema ufagio. Upo mlangoni, tai imenyooka. "Orodha imeongezeka. Namba mia nne na kumi na tatu: Lusekelo. Simama kwenye mwanga."

"Lusekelo ni mimi."

"Ndiyo. Nani anakuita?"

Ninacheka. Ufagio haucheki, hauna pa kuchekea. Ninaanza kufikiri. Ofisini naitwa Fundi. Nyumbani naitwa Baba Gwakisa, tangu mwanetu wa kwanza azaliwe. Kwenye kwaya naitwa Besi. Ninatoa kitambulisho mfukoni. Penye jina pameandikwa *tazama nyuma*. Nyuma pameandikwa *tazama mbele*.

"Kuna mtu atakuwa ananiita," ninasema, lakini sauti imeanza kuniponyoka.

"Jina zima? Mahali pengine popote?" Ufagio unanivua dasta shingoni. "Usijali, Fundi. Wenzako wote walishukuru."

Ufagio unapangusa kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto. Kinaondoka. Hakiumi, na hilo ndilo linalotisha. Kinafuata cha pili. Mimi namwaza Gwakisa, ambaye tulikubaliana leo jioni nimtengenezee mnyororo wa baiskeli, na nawaza atamwambia nani "baba" kama nimebaki vumbi la chaki kwenye sakafu ya zahanati. Nataka kupiga kelele ila najikuta nasema tu, "Tafadhali, subiri kidogo."

"Luse," anasema mtoto kutoka kwenye beseni.

Ufagio unasimama. "Nusu haihesabiwi."

"Kelo," inasema sauti dirishani.

Ni yule wa Isongwa. Amebaki kiunoni kwenda juu, anaelea nje juu ya mashamba ya chai, koti linachuruzika. Amenifuata mpaka huku bila miguu.

"Unganisha, Fundi," anasema. "Si kazi ngumu. Mimi naifanya kila asubuhi nikiwa na usingizi."

Ninaunganisha. Luse, kelo. Lusekelo. Vidole viwili vya mguu vinarudi mahali pake, vya baridi kidogo. Ninaviangalia kwa mapenzi ambayo sijawahi kuwa nayo kwa vidole.

Ufagio unapekua daftari kwa kasi. "Hili halimo," unasema. "Kanuni inasema jina zima. Vipande viwili kutoka pande mbili... halimo."

"Kanuni aliitunga nani?" anauliza mtoto.

Ufagio unatafuta ukurasa wa kwanza, unasoma chini kabisa, unanitazama.

"Fundi," unasema.

"Basi niliitunga vibaya," ninasema. "Sikufikiria wanaoitwa kwa vipande. Nipe chaki."

Ni mara ya kwanza naona ufagio ukiona haya. Unapapasa ndani ya tai na kutoa kipande cha chaki kidogo kama punje ya hindi. "Sisi tuliajiriwa kufuta," unajitetea. "Chaki hatupewi nyingi."

Ninakwenda dirishani. Ninamwandika kuanzia pale alipoishia: kiuno, koti, goti, goti. Ninaandika gambuti la kulia, nalikaza vizuri pale kwenye kisigino. Ninaanza mguu wa kushoto. Chaki inaisha kwenye kidole cha mwisho.

Tunatazama wote, mimi, ufagio, Sista na mtoto.

"Mguu upo," ninasema. "Gambuti ndilo halipo."

Anajitazama. Anasimama kwa mguu mmoja, anajaribu wa pili kwenye tope, anakunja uso.

"Kuna baridi," anasema. "Lakini nitafika. Nitachelewa kidogo, mniwie radhi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dakika tatu hivi. Pale kwenye daraja panateleza."

Anakwenda, mguu huu kwa nguvu, mguu ule kwa kuruka, kama mtu aliyekanyaga mwiba na ana ahadi. Tunasikia *chwap*, kimya, *chwap*, kimya, mpaka inapotea. Sista anaweka mikono chini ya bomba. Mama anainua kichwa kitandani. Mtoto anajipanga vizuri ndani ya beseni. Bomba linakohoa mara moja, mara ya pili, na

"Baba Gwakisa! Wewe Baba Gwakisa! Saa kumi na mbili na nusu hii, unalala kama umelipiwa?"

Nilifungua macho. Subilaga alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvihesabu vidole vya mguu wa kushoto. Vilikuwa vitano.

"Mke wangu, hebu niite jina langu."

"Lipi?"

"Lote."

Alinitazama, akagusa paji la uso wangu kwa kiganja, akaona sina homa. "Lusekelo Mwaipaja," alisema, "toka kitandani, maji ya kuoga yamechemka. Na tangu lini maharage ya juzi yanaota leo?" Akaenda zake jikoni akicheka.

Sikwenda kuoga. Niliwasha laptopu palepale kitandani. Nikaitoa ile kanuni yangu, nikatafuta *fungua* peke yake. Ilikuwepo, kwenye faili moja ya zamani ambayo hatujaigusa miaka mingi. Mzee Asangwile, ambaye alikuwa bahili wa herufi, aliandika *fungua* mara moja tu, na kuiambia kompyuta ikachukue jina la kijiji kwenye orodha, iviunganishe, kisha iite. Vijiji kumi na vinane tulishavihamishia mtindo mpya. Isongwa tuliisahau. Ningebonyeza kile kitufe saa mbili, kliniki nzima ingepokea upepo.

Halafu, kwa kutaka tu kutulia, nikafungua kumbukumbu za valvu ya Isongwa. Kila siku, mwaka hadi mwaka, imefunguliwa saa kumi na mbili kamili. Ukurasa baada ya ukurasa, saa kumi na mbili kamili, hakuna hata siku moja iliyopinda.

Leo ilifunguliwa saa kumi na mbili na dakika tatu.

Nilisoma mstari ule mara nne. Kisha, polepole, nikaenda kwenye fasili za Mzee Asangwile, kwenye ile tuliyoicheka jana mpaka chai ikapoa. Pembeni yake kompyuta ilionyesha kwamba haijaguswa na mtu kwa miaka kumi na moja.

magambuti = 1

Niliifuta ile moja, nikaandika mbili, nikahifadhi. Nikaliondoa jina la funguaIsongwa kwenye orodha ya kufutwa, na la magambuti pia, nikabonyeza kitufe kwa waliobaki. Simu ikaita. Alikuwa Dada Enesia.

"Fundi, habari za asubuhi? Umefuta wote mia nne na kumi na wawili?"

"Nimebakiza wawili, dada."

"Akina nani tena?"

"Mmoja na viatu vyake."